Kidani cha Mzee Nkwabi

Bi Mwavita Kondo alimwigiza marehemu kwa robo saa nzima, na hakuna mtu aliyecheka.

Si kwamba hakujitahidi. Alivaa koti la kaki la marehemu, lile lenye madoa ya nta mikononi, akajitwika kofia yake ya kurinia asali, wavu ukamwangukia usoni, kisha akakatiza katikati ya waombolezaji akiinua magoti juu kama Mzee Nkwabi alivyotembea kwenye nyasi ndefu kwa kuogopa nyoka. Mpaka hapo watu walikuwa naye. Mama mmoja alishaanza kubana midomo. Ndipo Bi Mwavita akafungua kinywa aongee kama marehemu, na sauti iliyotoka ilikuwa ileile ya kila mtu pale uani, laini, ya kadiri, iliyonyooka. "Habari za asubuhi. Asali iko tayari. Karibuni." Angeweza kuwa anamwigiza marehemu, au mchungaji, au mwenye duka la ng'ambo ya barabara.

Kwa Wanyamwezi, msiba wenye Mzaramo ndani yake haukosi vicheko. Ni utani wa tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Mtani huja akavaa nguo za marehemu, akamwigiza sauti na mwendo, akausema uchoyo wake na ulafi wake mchana kweupe, mpaka wafiwa wacheke na kamasi ziko puani, na hakuna ruhusa ya kumnunia. Tabora ya siku hizo ilikuwa imebadilika sana. Treni ilifika Mwanza kwa saa moja na nusu, na mizinga ya nyuki porini ilipiga simu yenyewe asali ilipoiva. Lakini utani ulikuwa haujafa. Ulikuwa unafia pale uani, na wa kwanza kuliona hilo alikuwa Bi Mwavita mwenyewe. Alivua kofia, akawaacha watu na ukimya wao, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha asali nyuma ya nyumba.

Humo alimkuta Kalunde, binti mkubwa wa marehemu, amekaa juu ya mzinga mtupu.

"Mwanangu," alisema Bi Mwavita, "baba yako alikuwa anaongeaje?"

"Si unamjua, mama? Umekuwa mtani wake miaka ishirini."

"Nimemjua huyu wa kidani. Huyo hata mchungaji ninamjua, hata wewe ninakujua. Mimi ninamtaka mwenyewe. Siwezi kumzika mtu ambaye sijawahi kumsikia."

Kalunde alikaza ngumi. Kiganjani alikuwa amefumbata kidani cha baba yake, walichokibandua asubuhi walipomwosha.

*

Kidani kilikuwa kidude cha ukubwa wa kifungo cha shati, kilichobandikwa shingoni, chini kidogo ya zoloto. Kalunde alikifahamu kama mpishi anavyofahamu chungu chake, maana alikuwa fundi wa sauti mwaka wa kumi na tisa huo. Kilinasa mtetemo wa koo kabla haujawa sauti, kikauzima kwa mtetemo wa kinyume chake, kisha kikatoa maneno yaleyale kwa Sauti Sawa, sauti moja tu kwa nchi nzima, wake kwa waume. Ukikwama kwenye neno, kilikusubiri ulimalize kimyakimya, ndipo kikalitoa zima. Lafudhi, kithembe, kigugumizi, mikwaruzo ya uzee, vyote viliishia ndani. Hata kilio kilipunguzwa makali. Na kicheko, masikini, kilifanywa ha-ha-ha tatu za adabu.

Hakuna sheria iliyomlazimisha mtu kukivaa. Hilo watu wa kituo alichofanyia kazi Kalunde walipenda sana kulisema. Ilianza tu na mashine za kaunta, za hospitali na za stesheni, zilizofundishwa kuelewa aina moja ya usemi na kumrudisha nyuma ya foleni yeyote mwenye usemi mwingine. Ukaja usaili wa kazi. Zikaja shule. Mwishowe kuongea bila kidani mbele za watu kukaitwa kuvua, na aliyevua aliangaliwa kama mtu aliyetoka bafuni akasahau taulo.

Mzee Nkwabi alikuwa na kigugumizi. Si kile cha kukwama hapa na pale, bali kigugumizi hasa, cha neno kuning'inia mdomoni mpaka chai ipoe. Dawa yake ilikuwa kujipiga paja mara mbili, pa-pa, kama anayekung'uta vumbi, na neno lilitoka mbio likiimba. Nje alivaa kidani kama wenzake. Lakini Jumamosi, ndani ya kibanda hiki, akichuja asali pamoja na Kalunde, alikibandua akakiweka juu ya kizingiti, na Kalunde naye akabandua chake. Maana kigugumizi kile alikirithi Kalunde, pamoja na masikio makubwa.

"Nyu-nyu-nyuki," baba yake alikuwa akisema, "anasema he-herufi moja siku nzima, na hakuna anayemcheka."

Jamani, Jumamosi zile! Moshi wa magome ukitambaa chini ya paa, nta ikinata kwenye vidole, na baba anasimulia kisa cha stesheni masta. Alikisimulia kila wiki na kila wiki Kalunde alikilazimisha kirudiwe. Kundi la nyuki lilitua juu ya kofia ya stesheni masta, treni iko tayari kuondoka, na Nkwabi kijana akaitwa aokoe jahazi. Alitaka kumwambia neno moja tu, tulia. Alianza, "Tu-tu-tu-tu-tu," na wakati neno linakamilika stesheni masta alishafika kwenye tangi la maji, kofia iko chini, na nyuki wote wamemgeukia Nkwabi kuuliza alikuwa anasema nini. Hapo baba alipiga paja na kucheka kicheko chake, ambacho kilianza kama filimbi na kuishia kama mtu anayeporomoka ngazi.

Kalunde alikuwa na miaka kumi na moja ile Jumamosi wenzake watatu wa darasani walipokuja bila taarifa. Aliwaona wakifungua geti. Alibandika kidani chake haraka, akasimama mlangoni mwa kibanda na kusema kwa Sauti Sawa, laini kabisa, "Vaa, Baba. Watakusikia."

Baba yake alimtazama. Akafuta mikono kwenye koti la kaki, akachukua kidani juu ya kizingiti, akavaa. "Karibuni, wanangu," alisema, na watoto wakaonjeshwa asali.

Jumamosi iliyofuata alichuja asali akiwa na kidani. Kalunde alidhani amesahau kukitoa. Na Jumamosi nyingine vilevile, na nyingine. Mara moja tu alimwomba kisa cha stesheni masta, na baba akakisimulia, ila kidani kililimeza lile tu-tu-tu-tu lote kikatoa "Tulia" moja safi, na kisa kikakosa maana, kwa kuwa mtu aliyeambiwa tulia vizuri namna ile asingekimbia. Hawakukirudia tena. Ilipita miaka thelathini na miwili, na Mzee Nkwabi hakuvua kidani mbele ya binti yake hata siku moja.

Neno lililomshinda Kalunde kuliko yote udogoni lilikuwa lile la kumwita baba yake. Herufi ile ya kwanza ilimfunga midomo kama gundi. Tangu Jumamosi ile alikuwa amemwita Baba mara maelfu, kwa ulaini, kwa heshima, na hakuna hata moja iliyotoka kooni mwake. Jambo hili hakuwahi kulifikiri mpaka asubuhi ile walipomwosha.

*

"Unafanya nini na hicho?"

Kapela, mdogo wake, alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa mtendaji wa kata, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi mpaka kwenye mifuko. Bi Mwavita alikuwa amesharudi uani.

Kalunde alifumbua kiganja. "Kina kapu," alisema.

Kapela alijua kapu ni nini. Kila kidani kilihifadhi ndani yake sauti ghafi ya saa arobaini za mwisho ili fundi apate cha kurekebishia. Fundi aliapishwa asisikilize zaidi ya sekunde tatu anazohitaji. Na ghafi ya marehemu ilifutwa na fundi kabla ya mazishi, bila kusikilizwa.

"Futa basi."

"Mtani anaomba sauti yake. Iko humu, Kapela. Saa arobaini. Inatosha kumwekea kwenye spika hata dakika moja, watu wamsikie. Hata wewe hujawahi kumsikia, ulikuwa kwenye mbeleko."

"Dada." Kapela alikaa chini, shati na pasi yake, kwenye sakafu yenye nta. "Baba alikuwa na miaka yote hiyo ya kuvua. Mdomo ulikuwa wake, kidole kilikuwa chake. Hakuvua. Leo hawezi kusema hapana, ndiyo unataka kumvua mbele ya mtaa mzima? Ungemvua nguo?"

"Alinyamaza kwa sababu yangu."

"Labda. Na kama si kwa sababu yako? Umemuuliza?"

Hapo alimkamata. Kalunde aligeuza kidani, akatazama ile nukta ya kijani iliyoonyesha kwamba kapu limejaa. Hamu ya kusikia ilimwuma kama njaa. Sekunde tatu aliruhusiwa. Katika sekunde tatu mtu anaweza kusema jina la mwanawe, hata akikwama mara mbili. Lakini angesikiliza sekunde tatu, angesikiliza saa arobaini, alijijua. Na lililokuwa mle ndani baba yake hakumpa. Alilolificha lilikuwa lake, hata kama sababu ya kulificha ilikuwa mtoto wa miaka kumi na moja mwenye haya.

Alibonyeza ukingo wa kidani, akashikilia mpaka alipohesabu kumi. Nukta ya kijani ikazimika.

Kisha alilia, na kidani chake mwenyewe kikakifanya kilio kile kiwe kidogo na cha heshima. Kapela alimshika bega. Alidhani yamekwisha.

"Jikaze," alimwambia. "Dokta Ruhinda amekuja, amekaa mbele kabisa. Jumamosi si unaapishwa?"

Ni kweli. Jumamosi ile Kalunde alikuwa aapishwe kuwa fundi mkuu wa sauti wa kanda nzima ya magharibi, na Dokta Ruhinda, mkuu wa kituo, ndiye aliyempendekeza. Fomu ya kuombea kazi, miaka kumi na tisa iliyopita, ilikuwa na swali moja fupi: je, una kasoro ya asili ya usemi? Wenye nayo hawakuruhusiwa kurekebisha sauti za wengine. Kalunde aliandika hapana.

*

Saa nane mchana jeneza lilitolewa. Wanaume sita walilibeba, mchungaji mbele, na msafara ukaelekea makaburini kwa njia ya nyuma ya nyumba, ile inayopita kibandani. Hawakwenda hatua hamsini. Bi Mwavita, na koti lake la kaki na kofia yake ya wavu, alikuwa amekaa katikati ya njia, miguu ameinyoosha mbele kama anayeota jua.

"Mtani, tupishe," alisema Kapela.

"Sipishi."

Watu walitabasamu. Mtani kuzuia jeneza ni haki yake, hupewa kitu kidogo akaondoka. Kapela alitia mkono mfukoni.

"Toa mkono huko," alisema Bi Mwavita. "Ninyi wapagazi, mababu zenu walibeba pembe mpaka baharini, leo sanduku moja linawatoa jasho? Mnajua kwa nini? Kwa sababu hamjui mmebeba nani! Mimi nimevaa koti lake na simjui. Nimemuuliza mke wa nduguye, nimemuuliza jirani, wote wananiambia alikuwa na sauti nzuri. Sauti nzuri! Na mimi ninayo, ileile! Nipeni Mnyamwezi wangu nimcheke, au tukae hapa wote mpaka mvua za Novemba."

Haya yote aliyasema kwa Sauti Sawa, kwa hiyo ukali wake ulisikika kama tangazo la ratiba ya treni. Lakini hakuinuka. Wabebaji walilishusha jeneza kwenye viti viwili vilivyoletwa mbiombio. Jua lilikuwa kali. Dokta Ruhinda alipangusa shingo kwa leso na kumnong'oneza Kalunde, "Si mumpe anachotaka?"

Hakuna aliyekuwa nacho ila mmoja. Kalunde alisimama pale akiwa na kidani kitupu mkononi na kidani kizima shingoni, na ndipo lilipomjia jambo ambalo lingepaswa kumjia tangu asubuhi. Sauti ya baba yake hakuwa na ruhusa ya kuifunua. Yake je?

Alipiga hesabu ya anachokwenda kukipoteza, kwa kuwa hakuwa mjinga. Alimwona Dokta Ruhinda, viatu vyake vilivyojaa vumbi la heshima aliyomfanyia. Aliwaona wateja wake kadhaa kwenye msafara, watu aliowaahidi kwamba kigugumizi hakitawaumbua tena. Kisha aliingiza ukucha chini ya ukingo wa kidani chake, akakibandua, kikamponyoka kikaanguka mchangani. Pale kilipokuwa palibaki duara la ngozi nyepesi, changa.

"Si-si-si," alisema.

Kila kichwa kiligeuka. Watu walikuwa hawajasikia sauti tupu hadharani miaka mingi kiasi kwamba wengine walitazama juu, kana kwamba ni ndege.

"Kalunde," alisema Dokta Ruhinda. "Vaa."

"Si-si-siku moja," alisema Kalunde, na sauti yake ilikuwa nzito na yenye kutu, hata yeye hakuitambua, "ste-ste-ste..." Neno liligoma. Uso ulimwaka moto. Na mkono wake, bila yeye kuutuma, ukajipiga paja mara mbili, pa-pa. "Stesheni masta alituliwa na nyuki kwenye kofia!"

Alikisimulia chote, pale njiani, mbele ya jeneza. Kilimchukua muda mrefu kuliko mahubiri. Alikwama kwenye kofia, akakwama kwenye treni, akapiga paja mpaka likamwasha. Alipofika kwenye lile neno hakuliharakisha, "Tu-tu-tu-tu-tu-tu," na akiwa angali kwenye tu, mzee mmoja aliyeegemea fimbo upande wa pili wa jeneza alipiga ukelele. Alikuwa Mzee Ntabo, aliyerina asali na marehemu ujanani, kabla vidani havijafika.

"Nkwabi!" alisema. "Huyo ni Nkwabi kabisa! Alikuwa hivyohivyo, na paja lake hilohilo!" Akaanza kucheka, kidani kikamtolea ha-ha-ha zake tatu, akakasirika, akakinyofoa kama kupe na kucheka upya, kwa kohozi na pengo na kila kitu.

Bi Mwavita hakuhitaji zaidi. Palepale chini alipokaa alibandua kidani chake, akakitumbukiza kwenye mfuko wa koti la kaki, akajipiga paja la mtani, pa-pa. "Wa-wa-wa-wapagazi!" alinguruma, kwa sauti pana ya Uzaramoni ambayo hakuna mtu Tabora aliyewahi kuisikia. "Asali i-i-i-iko tayari, ila ki-ki-kijiko ninacho mimi, na nina mkono wa bi-bi-birika!" Uchoyo wa Mzee Nkwabi kwa asali yake ulijulikana mtaa mzima. Kicheko kilianzia kwa wazee, kikashuka kwa akina mama, kikaenea msafara mzima. Wengi walicheka ndani ya vidani vyao. Wachache walivitoa. Mama mmoja alikuwa na kicheko cha kukoroma, na mumewe alimtazama kama anayemwona mara ya kwanza.

Dokta Ruhinda hakucheka. Alikuwa mtu mwema na alionekana ameumia. "Ile fomu," alisema taratibu. "Uliandika hapana."

"Nili-nili-nilidanganya," alisema Kalunde.

Dokta alitikisa kichwa, akakunja leso yake vizuri, akaondoka zake kurudi barabarani. Kalunde alimtazama anavyokwenda na miaka yake kumi na tisa. Iliuma. Hakuna sababu ya kusema haikuuma.

Kapela aliinama akaokota kidani cha dada yake mchangani, akakipuliza vumbi. Watu walingoja amrudishie. Alikishika muda kidogo. Kisha alikitia kwenye mfuko wa shati lake lililopigwa pasi, akausogeza mwili kando, ili Kalunde apate nafasi ya kufika kwenye jeneza.

Alifika. Aliweka viganja vyote viwili juu ya mbao. Kulikuwa na neno moja tu alilotaka kusema, ambalo marehemu hakuwahi kulisikia kwa sauti ya binti yake mwenyewe tangu binti akiwa na miaka kumi na moja. Alifumba midomo kuianza ile herufi ya kwanza, na midomo ikanasa, kama zamani, kama gundi.

"B-b-b," alisema. "B-b-b-b."

Mkono ulitaka kwenda pajani, akauzuia. Machozi yalimshuka yenyewe, makubwa, yasiyopunguzwa makali. Nyuma yake watu zaidi ya mia walisimama juani bila kukohoa, wakimsubiri mtu mmoja amalize neno lake. Bi Mwavita aliinua wavu wa kofia, akaukunja juu ya paji la uso, akajikalisha vizuri zaidi katikati ya njia.

"Sema taratibu, mwanangu," alisema. "Haendi popote huyu mpaka niinuke mimi."